Santorini na watoto wawili na bibi yao: tuogelee wapi?

"Shikamoo mwalimu. Sisi tunaishi Stuttgart, na mwaka huu tumepanga kwenda kisiwa cha Santorini, Ugiriki, siku nane kuanzia mwisho wa Julai. Tuko watano: mimi, mume wangu, mtoto wa miaka 9 anayeogelea kiasi, mdogo wake wa miaka 5 hajui kabisa, na mama yangu anakuja kutoka Tanga, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Hoteli tumeshachukua kijiji cha Oia kwa sababu ya zile picha. Sasa ile bichi nyekundu ni kweli hairuhusiwi au watu wanatisha tu? Mchanga mweusi hauna sumu? Maji si yatakuwa ya moto maana pale ni volkano? Na mama anataka sana aingie kwenye chemchemi za maji moto, anaamini zitamsaidia magoti. Nimesoma orodha nyingi za fukwe bora na kila moja inasema yake. Naomba uniambie kama ni wewe na watoto wako ungeogelea wapi."

Marahaba mdogo wangu, na mama naye mpe shikamoo yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili maana ndani yake kuna maswali matano, ila nikiyaweka pamoja naona hofu yako ni moja tu: hela imeshatoka, una mtoto asiyejua kuogelea na mzazi mwenye magoti, na hujui unawaingiza kwenye maji gani. Hiyo hofu ni ya haki kabisa, wala usiione aibu. Zile orodha zinakuchanganya kwa sababu zinajibu swali ambalo hukuuliza, zinakwambia ufukwe gani unapendeza kwenye picha, wakati Santorini ufukwe huohuo leo unaweza kuwa umetulia kama maji ya kwenye beseni na kesho hata mimi ambaye kazi yangu ni kufundisha kuogelea na uokoaji sitii mguu. Ufukwe haujabadilika, kilichobadilika ni upepo. Huko ndiko nitakaa sana, lakini kwanza tuondoe mambo yanayokusumbua bure.

Maji hayatakuwa ya moto. Watu wengi wanadhani kisiwa cha volkano kinachemshwa chini kama sufuria, sio hivyo, joto lenyewe liko kilomita kadhaa chini na bahari ile ni kubwa mno kupashwa na vichemchemi vichache. Mwisho wa Julai maji ya bahari Santorini yanakuwa kwenye nyuzi 24 hivi, mwezi wa tano ni 19 tu. Mama amezoea maji ya Tanga, ambayo mwezi wa tatu wa nne yanakaribia nyuzi 30, kwa hiyo mwambie kabisa ategemee maji kama ya kwetu wakati wa kipupwe, tena baridi zaidi kidogo. Mtoto wa miaka mitano ataanza kutetemeka baada ya nusu saa hivi, midomo ikibadilika rangi mtoe, mkaushe, mpe kitu ale, halafu arudi akitaka.

Mchanga mweusi nao hauna sumu, sio mafuta machafu, na haupaki rangi kwenye nguo. Ni lava tu na mawe ya volkano yaliyosagwa na bahari kwa miaka mingi, yana madini ya chuma ndani ndio maana yana rangi ile. Mpe yule wa miaka 9 sumaku ndogo aipitishe kwenye mchanga mkavu, chembe nyingine zitanata, atacheza nayo mchana mzima. Mchanga wetu wa pwani ni mweupe kwa sababu ni matumbawe na makombe yaliyosagika, unarudisha jua, huu mweusi unalimeza. Hapo ndipo penye shida ya kweli ambayo watu hawaambiwi: saa sita mchana mchanga wa Perissa, mmoja wa zile fukwe nyeusi, unaunguza nyayo. Nimeshaona mtoto ametoka majini anakimbilia kwa mama yake, akafika katikati akashindwa kwenda mbele akashindwa kurudi, amesimama analia tu, baba yake naye pekupeku hawezi kumfuata. Wanunulieni wote viatu vya mpira vya kuogelea kabla hamjaondoka Ujerumani, wavae mpaka ndani ya maji, vitawasaidia pia kwenye mawe na urchini, wale viumbe wa baharini wenye miiba. Na kaeni bichi asubuhi mpaka saa tano, kisha mrudi tena saa kumi na moja jioni, mchana ni wa kula na kulala.

Sasa Oia. Hapa inabidi nikwambie ukweli ambao hautaupenda. Ile sehemu yenye picha, nyumba nyeupe zinaning'inia juu ya bahari ya bluu, ndio sehemu ya kisiwa isiyo na ufukwe. Fikiria Ngorongoro, lakini iliyojaa maji ya chumvi. Kama miaka 3,600 iliyopita volkano ya pale ililipuka mlipuko mkubwa sana, mawe yaliyoyeyuka yakatoka chini kwa wingi mpaka juu pakakosa kitu cha kushikilia, pakadidimia, bahari ikaingia. Shimo hilo linaitwa kaldera, lina urefu wa kilomita kama 11 na upana kama 7, na ule ukuta unaouona kwenye picha unapanda hadi mita 300 juu ya maji halafu unaendelea kushuka chini ya maji, katikati kina kinakaribia mita 400. Ukuta wa namna hiyo mchanga hauna pa kukaa. Upande wa nje, mashariki na kusini, ndiko majivu na mawe ya mlipuko yalikotiririka taratibu yakatengeneza uwanda, bahari ikauchonga, ndio mkapata Kamari, Monolithos, Perissa. Yaani mandhari iko upande mmoja na kuogelea kuko upande mwingine wa kisiwa.

Oia kuna Amoudi chini, kibandari kizuri sana chenye samaki, watu wanaogelea kutoka kwenye miamba. Lakini kushuka ni ngazi zaidi ya 200 na kupanda ni hizohizo juani, au teksi. Ukishafika unaingia moja kwa moja kwenye maji marefu, boti zinapita, na hakuna sehemu ya mtoto kusimama. Kwa mama na yule wa miaka mitano, hapana. Mume wako na wewe mwende jioni kwa zamu kama mnaogelea vizuri. Fukwe nyingine za karibu na Oia, Baxedes na Koloumbos, zinatazama kaskazini, na mwisho wa Julai kaskazini ndiko balaa linakotoka.

Balaa lenyewe linaitwa meltemi. Ni upepo wa kiangazi wa bahari ya Aegean, unaanza kukolea mwezi wa saba na wa nane, unatoka kaskazini. Jua likichoma sana nchi kavu ya Uturuki hewa ya kule inapanda, kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, inashuka, na huku kwenye Balkani kanieneo iko juu, basi hewa inamiminika kutoka juu kwenda chini ikipita katikati ya visiwa. Mama ukimwambia kaskazi na kusi ataelewa mara moja, ni jambo lilelile la bara na bahari kupishana joto. Tofauti ni kwamba meltemi inakuja na mbingu safi, hakuna wingu hata moja, unatazama dirishani unasema leo siku nzuri, kumbe nje unavuma upepo wa kilomita 40 kwa saa. Asubuhi unakuwa mpole, mchana unapanda, jioni mara nyingi unalala kidogo, na ukianza unaweza kukaa siku tatu nne mfululizo.

Kwetu mtu akitaka kuogelea anauliza maji yamejaa au yamekupwa, ni bamvua au maji mafu, maana bahari inapanda na kushuka mita tatu na zaidi. Aegean hiyo kalenda iache nyumbani. Maji kule yanapanda na kushuka kiasi cha sentimita chache tu, kwa siku nzima hutaona tofauti. Kule asubuhi unauliza upepo: unatoka wapi na una bofoti ngapi. Bofoti ni kipimo cha nguvu ya upepo, kila mwenye hoteli na mwenye mgahawa anakijua na anakitaja kama sisi tunavyotaja mvua. Bofoti 3 ni raha. Ikifika 4 utaanza kuona povu jeupe baharini kwa mbali. 5 na 6 ni upepo wa kilomita 29 mpaka 49 kwa saa, hapo unachagua ufukwe kwa makini au unakwenda kutalii.

Wavuvi wa Tanga wana maneno yao mawili, joshini ni upande unaopigwa na upepo, demani ni upande uliokingwa. Ndio hesabu yote. Meltemi ikivuma, joshini ni Baxedes na Koloumbos, na Monolithos pia inapata mawimbi kwa kuwa iko wazi upande wa mashariki na kaskazini. Kamari iko katikati, inapata mawimbi yanayozunguka. Perissa, Perivolos na Agios Georgios, ambazo kwa kweli ni ufukwe mmoja mrefu uliounganika, ziko demani kwa sababu mlima wa Mesa Vouno umesimama katikati yake na Kamari kama ukuta. Vlychada nayo inatazama kusini, ina majabali meupe ya majivu na pumisi yaliyochongwa na upepo, na pumisi ndio lile jiwe la kusugulia visigino, linaelea, watoto wataokota mpaka mikoba ijae. Siku upepo ukigeuka ukatoka kusini, ambayo kipindi hicho ni mara chache, geuza kila kitu, nendeni Kamari au Monolithos.

Naomba sana hapa utulie usome polepole, kwa sababu hili ndilo linalopoteza watoto. Upande wa demani maji yanalala, hayana wimbi, mzazi anaona salama kabisa anamweka mtoto juu ya boya la kupuliza, lile lenye umbo la bata au donati. Kumbe upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Ukiwa Perissa siku ya meltemi simama utazame bahari: upepo unakupiga mgongoni. Basi kila kinachoelea kinaondoka, na boya la kupuliza ni tanga, halina uzito, linakwenda kasi kuliko mtu anavyoogelea. Halafu mlima wenyewe unafanya upepo uje kwa vishindo, dakika mbili kimya, ghafla unashuka mmoja mkali. Karibu na ufukwe maji laini, mita 200 mbele ambako kivuli cha mlima kimeisha bahari imechafuka. Agosti 2020 kule Antirrio, bara la Ugiriki, mtoto mdogo wa kike alichukuliwa hivyohivyo juu ya boya la farasi mwenye pembe akafika mbali, akaokolewa na feri iliyokuwa inapita, nahodha akaikaribisha taratibu ili mawimbi ya feri yasimpindue. Yule alikuwa na bahati kubwa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, maboya ya kupuliza msibebe kabisa. Mtoto wa miaka mitano mvalishe laifujaketi ya saizi yake yenye mkanda wa kupita katikati ya mapaja isije ikampanda kichwani, na hata akiwa nayo mtu mzima mmoja awe umbali wa mkono, sio umbali wa sauti. Mpangiane zamu na mume wako, anayelinda hali chipsi hashiki simu. Na ikitokea kitu kimechukuliwa na upepo, kiwe mpira kiwe boya, kiacheni kiende. Kama juu yake kuna mtu, apige kelele, ashikilie hilo boya asiliache, wewe mkimbilie muokoaji, usimfuate kuogelea peke yako.

Jambo la pili la Perissa na Kamari ni kina. Watu wazoefu wa bichi za kwetu unatembea mita mia maji bado ya magoti, pale hatua nne tano umefika kifuani. Ni kwa sababu ya ukubwa wa chembe: mchanga mkubwa na kokoto wimbi likipanda maji yanazama katikati ya chembe, yanayorudi baharini ni machache hayana nguvu ya kuuburuta mchanga, basi mchanga unabaki juu unajijenga mteremko mkali. Mchanga laini unafanya kinyume chake, unalala. Mteremko ukiwa mkali wimbi linavunjika palepale ukingoni, miguuni, na hilo ndilo linalomwangusha mtu mzima mwenye magoti mabovu, sio kule mbele. Tena sehemu kadhaa za Kamari na Perissa ukingoni chini ya maji kuna bamba la jiwe limelala lina utelezi kama sabuni. Kabla mama hajaingia, wewe tangulia upapase kwa miguu, tafuta sehemu ya mchanga mtupu, na mumshike pande zote mbili wakati wa kuingia na hasa wakati wa kutoka.

Ndio maana kwa hali yenu ninaipenda Monolithos asubuhi yenye utulivu. Mchanga wake ni laini zaidi, maji yanakwenda mbali yakiwa mafupi, kuna miti ya kivuli na sehemu ya watoto kucheza. Haiko kwenye picha nyingi na ndege zinapita juu maana uwanja uko karibu, lakini watoto hizo ndege watazipenda. Upepo ukiwa chini ya bofoti 4 asubuhi nendeni pale. Ukiwa 4 au 5 nendeni Perissa au Perivolos na kuwa wakali na hao watoto kama nilivyosema. Ukiwa 6 kwenda juu, acheni bahari siku hiyo, nendeni mkaone mji wa kale wa Akrotiri uliofukiwa na ule mlipuko, uko chini ya paa, una kivuli, mama atatembea bila shida kubwa.

Akrotiri ndipo na bichi nyekundu ilipo, dakika chache tu. Watu hawatishi bure. Maji yake hayana neno, shida ni ukuta ulio juu ya vichwa vya watu. Ni mabaki ya kilima kidogo cha volkano, mawe mepesi yenye matundu, chuma chake kimepata kutu ndio wekundu ule, na hayajashikana vizuri, yamepangana tu kama kifusi. Bahari inakula chini, mvua inalainisha juu, na kisiwa chenyewe kinatikisika mara kwa mara. Mwaka 2013 kipande kikubwa kiliporomoka, na mabango ya hatari ya mawe yamewekwa hapo. Utakuta watu wamepita pembeni ya bango wametandika mataulo chini ya ukuta uleule, usiwafuate, kwamba wamekaa jana salama hakusemi chochote kuhusu leo. Kutoka sehemu ya kuegesha magari unatembea kidogo hadi kwenye kilele cha njia, unaiona yote, unapiga picha, unarudi. Au muione kwa boti kutoka baharini. Bila kukanyaga ule mchanga mtakuwa mmeiona vizuri kuliko waliolala pale chini.

Chemchemi za maji moto. Mwambie mama kwa upole kwamba hizi sio kama bwawa la maji moto analofikiria. Ziko kwenye kisiwa kidogo cha Palea Kameni katikati ya kaldera, mnakwenda kwa boti, boti haifiki kwenye chemchemi yenyewe, inasimama nje, halafu watu wanaruka au wanashuka ngazi kwenye maji marefu ya kawaida ya baridi wanaogelea mita 50 au zaidi mpaka wafike maji yanapobadilika kuwa ya kahawia. Na joto lenyewe ni uvuguvugu, nyuzi thelathini na kitu pale penye joto zaidi, sehemu nyingine hata hulisikii. Ile rangi ni chuma na madini mengine, inapaka nguo nyeupe na haitoki, na vito vya fedha vinabadilika rangi. Mtu wa miaka 68 asiyeogelea umbali huo, mwenye magoti yatakayompa shida kupanda ngazi ya boti, mimi simruhusu. Maji vuguvugu kwa kweli yanapunguza maumivu ya viungo kwa muda, hilo mama hajakosea, lakini uvuguvugu huo ataupata salama kwenye bafu la hotelini bila kuruka kutoka kwenye boti. Na kabla ya safari ampitie daktari wake kule Tanga amuulize kuhusu presha, moyo na hayo magoti kuingia maji ya baridi kidogo, hilo mimi kwa kuandika siwezi kulijibu, anahitaji mtu wa kumpima. Akitaka kuona volkano, boti inaweza kumpeleka akakaa kwenye kivuli akatazama, ila kupanda Nea Kameni, kile kisiwa cha volkano cha jirani, kwa miguu ni changarawe na jua kali, asishuke.

Kuhusu nguo, najua hukuuliza lakini kwa mama wa Tanga nalisema. Dera na kanga zikilowa zinakuwa nzito na zinamfunga miguu, kwenye ule mteremko wenye wimbi la ukingoni ni hatari ya kweli. Mnunulie vazi la kuogelea la stara, suruali na gauni fupi la kitambaa kile kisichonyonya maji, atakuwa amejisitiri na yuko huru.

Waokoaji wapo kwenye fukwe kubwa wakati wa msimu, Perissa na Kamari utawaona kwenye viti virefu, lakini ni mchana tu, asubuhi mapema na jioni kile kiti ni kitupu na wewe ndiye muokoaji. Bendera nyekundu maana yake hakuna kuingia, hata kama wengine wameingia. Mkifika siku ya kwanza mwende mkamsalimie muokoaji, mwonyeshe watoto, muulize leo sehemu ipi ni nzuri kwa mdogo, anajua ufukwe wake kuliko mimi na kuliko orodha yoyote. Namba za kuweka kwenye simu ni 112 ya dharura zote, 108 ya walinzi wa pwani, na 166 ya ambulensi. Vitanda na miavuli ya kukodi sio lazima, sheria ya Ugiriki ya 2024 inataka sehemu kubwa ya ufukwe ibaki wazi kwa kila mtu, kwa hiyo mkitandika mkeka wenu hakuna wa kuwafukuza. Ila kwa mama kodisheni kimoja chenye mwavuli, Perissa migahawa mingi inakupa bure ukila kwao.

Tetemeko. Mwanzoni mwa 2025 matetemeko yalikuwa mfululizo wiki kadhaa kati ya Santorini na kisiwa cha Amorgos, kubwa kuliko yote lilikuwa 5.3 tarehe 10 Februari, watu zaidi ya 11,000 wakaondoka kisiwani kwa muda. Yakatulia, maisha yakarudi. Sikutishi, nakwambia ili mjue cha kufanya: mkiwa ufukweni ardhi ikatikisika kwa nguvu tokeni majini, ondokeni chini ya jabali lolote, na kama mtikisiko ni mrefu pandeni sehemu ya juu bila kusubiri tangazo, kwa sababu tetemeko kubwa la Julai 1956 upande wa Amorgos lilileta tsunami. Na simu zenu ziwe zinapokea ujumbe wa dharura wa 112.

Basi kama ni mimi na watoto wangu ningefanya hivi. Ningewapigia simu Oia wiki hii, nikaomba kubakisha usiku mbili tu kwa ajili ya picha na machweo, nikahamishia zilizobaki Perissa au Kamari. Kutoka Oia mpaka Perissa kwa gari ni karibu saa nzima kwenda tu, na kwa basi inakuwa zaidi maana unabadilisha pale Fira, mji mkuu wa kisiwa, na mtoto aliyechoka na mama mwenye magoti kila siku hivyo mtachukiana. Pikipiki za magurudumu manne wanazokodisha vijana msiziguse, kodini gari dogo. Kati ya Perissa na Kamari ningechagua Perissa kwa ajili ya demani.

Na kama hoteli wakikubali kurudisha hela na bado mnaweza kubadilisha safari, nitasema wazi: kwa mtoto wa miaka mitano anayetaka kujifunza kuogelea, Santorini si chaguo langu la kwanza. Naxos, ambayo ni saa mbili hivi kwa feri, si ya volkano, ina mchanga wa dhahabu na ufukwe wake wa Agios Georgios (jina moja na ule wa Santorini) pale mjini ambao maji yake ni mafupi mbali sana. Siku tatu Santorini tano Naxos, mama naye angeshukuru. Mkiamua kubaki Santorini zote nane pia mtafurahi, ila huyo mdogo mpelekeni bwawani Stuttgart kuanzia sasa apate angalau masomo kumi, ajue kuelea chali na kurudi kwenye ukuta mwenyewe. Mwalimu amwone ana kwa ana, hilo halifundishwi kwa maandishi.

Ukishaongea na hoteli niandikie wamesemaje, na siku mbili kabla hamjaruka nitumie utabiri wa upepo unaouona, nitakwambia tuanzie wapi siku ya kwanza.